Ubao, Kamera Mbili na Neno Lisilo na Kamusi

Mwaka 1999, kwenye maonyesho yaliyoitwa Laboratorium mjini Antwerp, Ubelgiji, kulikuwa na kitu ambacho mtu mwenye haraka angekipita bila hata kugeuza shingo. Kamera mbili zimesimama kwenye stendi, zinatazama ubao mweupe. Ubaoni pamebandikwa maumbo ya rangi: duara, pembetatu, mraba. Ungedhani ni darasa la chekechea baada ya watoto kwenda nyumbani. Kamera zinageuka kidogo, zinatulia, zinageuka tena. Kumbe ndani ya kompyuta zilizounganishwa na kamera hizo kuna programu mbili zinazungumza, tena kwa lugha ambayo hakuna binadamu aliyeitunga.

Hakuna aliyezipa kamusi. Hakuna aliyezipa hata dhana ya "kushoto" au "kubwa". Zilipewa macho, ndiyo hizo kamera. Zikapewa uwezo wa kuunga silabi na kuzikumbuka. Zikapewa na mchezo wa kucheza. Mengine yote, zijisumbue zenyewe.

Jaribio hilo liliitwa Talking Heads, yaani vichwa vinavyozungumza, na aliyelibuni ni Luc Steels, Mbelgiji aliyesomea isimu Antwerp na kompyuta kule MIT, Marekani. Mwaka 1983 alianzisha maabara ya akili mnemba katika chuo kikuu cha VUB mjini Brussels, na mwaka 1996 akaanza kuongoza maabara ya Sony mjini Paris. Nalieleza hapa, kwenye ukurasa wa watu wa fasihi, kwa sababu swali lake ni letu kabla halijawa la wahandisi: neno linapotoka kinywani mwangu likaingia sikioni mwako, ni nini hasa kinachosafiri?

Kabla ya Steels, njia iliyoheshimika ilikuwa njia ya kamati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walikuwa na kero moja kubwa. Kila maabara ilikuwa na programu zake zenye maarifa yake, na programu ya hapa haikuweza kuiambia ya pale chochote cha maana. Moja inasema "mteja", nyingine inasema "mnunuzi", ya tatu nayo ina "mteja" lakini kwake mteja ni kampuni tu, mtu wa kawaida hahesabiki. Shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, DARPA, likagharimia juhudi za kuzifanya programu zishirikishane maarifa. Humo ikazaliwa KQML, lugha ya kutumiana ujumbe kati ya programu zinazojiendesha, hizi ambazo wataalamu huziita mawakala. KQML ilimwezesha wakala kujua kwamba mwenzake anauliza, anaarifu au anaomba. Lakini kujua kwamba mtu anakuuliza hakusaidii kitu kama hujui anauliza nini. Hapo ndipo ilipoingia ontolojia, neno lililoazimwa kwa wanafalsafa. Tom Gruber wa Stanford aliifafanua mwaka 1993: ni kuandika waziwazi jinsi unavyoigawa dunia yako katika dhana. (Ndiye Gruber huyu huyu aliyekuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Siri, ile sauti ya kwenye simu.)

Yaani wataalamu wakae, wakubaliane mapema, waandike, kisha kila programu iape kufuata.

Msomaji wa Kiswahili anaujua mchezo huu kuliko anavyodhani. Kiswahili sanifu chenyewe kina kamati nyuma yake: ile ya makoloni ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, Kiunguja kikiwa kimeshachaguliwa kuwa msingi. Tangu 1967 Tanzania ina BAKITA. Sizibezi kamati, bila hizo mtoto wa Songea na wa Lamu wasingesoma kitabu kimoja. Ila tunajua mipaka yake. Wataalamu walikaa wakatuletea "tarakilishi", neno zuri kabisa, na mtaa ukawa umeshasema "kompyuta" na kuendelea na shughuli zake. Wakati huo huo "bodaboda" haikupita mezani kwa mtu yeyote. Ilianza na waendesha baiskeli wa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, waliokuwa wakiwaita abiria wa kuvushwa. Leo litamke Kampala, Kisumu au Kigoma, hakuna atakayekuuliza maana yake.

Programu za ontolojia zilibanwa palepale. Ilikuwaje pale wakala alipokutana na dhana ambayo kamati haikuiandika? Aliduwaa. Wapo waliotafuta njia ya katikati. Mwaka 2004 Andrew Williams alichapisha kazi juu ya mawakala ambao kila mmoja ana ontolojia yake na wanafundishana kwa mifano. Badala ya kumweleza mwenzako maana ya neno, unamwonyesha kurasa kadhaa ulizozipanga chini ya neno hilo. Naye anapekua makabati yake aone ni kabati gani lina vitu vya namna hiyo. Ni akili ya fundi anayemfundisha mwanagenzi: tazama hivi, tazama na hivi, sasa nikuulize hiki ni nini. Lakini hata hapo makabati yalikuwepo tayari. Steels alitaka kuanza na chumba kitupu.

Wazo lenyewe alilichukua kwa mwanafalsafa, na hakuficha. Ludwig Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka 1953, miaka miwili baada ya kufa kwake, anaeleza lugha ya watu wawili, mjenzi na msaidizi wake. Mjenzi anataja jina la jiwe la aina fulani, msaidizi analeta. Basi, hiyo ni lugha nzima. Maana ya neno ni lile jiwe kufika pale linapotakiwa. Mwaka 1969 Mmarekani David Lewis alilibana wazo la namna hii mpaka likawa karibu hesabu. Mfano wake ni ile taa ya kanisa mjini Boston mwaka 1775: taa moja kama Waingereza wanakuja kwa nchi kavu, mbili kama wanakuja kwa maji. Mbili na maji havina undugu wowote. Kinachozifanya ziwe ishara ni kwamba mtumaji na mpokeaji wote wanafaidika wakizitumia vilevile. Lewis alionyesha jinsi mapatano yanavyoweza kusimama bila mtu kuyaamuru. Lakini watu wake walijua tayari maji ni nini na nchi kavu ni nini; kilichokosekana kilikuwa ishara tu. Steels aliondoa na hilo.

Sasa turudi kwenye ubao, maana hapa ndipo penye utamu.

Programu moja inakuwa msemaji, nyingine msikilizaji, na zamu zinabadilika. Wote wawili wanatazama sehemu moja ya ubao yenye maumbo machache. Msemaji anachagua umbo moja kimoyomoyo, kisha anajiuliza: ni nini kinachoweza kulitenga hili na wenzake? Ana vipimo vichache. Umbo liko wapi ukitoka upande mmoja kwenda wa pili. Liko juu au chini kiasi gani. Lina ukubwa gani. Rangi yake ikoje. Kwake kila kipimo ni mstari wa namba, kuanzia sifuri hadi moja, basi. Mstari hauna kushoto wala kulia, hauna kubwa wala dogo. Akishindwa kulitenga umbo lake, anachukua mstari mmojawapo na kuukata katikati: nusu hii, nusu ile. Hiyo ndiyo dhana. Akishindwa tena siku nyingine, ile nusu anaikata nusu. Vipande vinavyomsaidia vinabaki, visivyotumika vinanyauka na kuondolewa.

Akishapata dhana, anatafuta neno lake. Hana? Anaunga silabi zozote, tuseme "dolemi" (mfano ni wangu). Analituma. Msikilizaji kama analijua anatazama ubao na kuelekeza kwenye umbo analodhani. Wakipatana, kila mmoja anaiongezea alama ile ndoa ya neno na dhana, na maneno mengine yanayogombea dhana hiyohiyo yanapunguzwa. Wasipopatana, neno linapoteza alama, na msemaji anaonyesha kwa kuelekeza: ni lile pale. Na kama neno lilikuwa geni kabisa, msikilizaji analichukua na kuliweka kichwani.

Analiweka na maana gani? Subiri kidogo hapo.

Umbo aliloonyeshwa ndilo lililo kushoto kuliko yote. Pia ndilo kubwa kuliko yote. Pia ni jekundu pekee yake. Lolote kati ya hayo matatu lingetosha kulitenga. Msemaji alimaanisha kushoto. Msikilizaji, kwa nia njema kabisa, akaandika "dolemi: kubwa". Hana namna ya kuchungulia kichwani mwa mwenzake. Mchezo unaofuata, umbo kubwa linatokea tena kuwa la kushoto. Msemaji anasema dolemi, msikilizaji anaelekeza, sawasawa! Alama zinapanda kwa wote. Neno moja, mafanikio matupu, dhana mbili. Mwanafalsafa W. V. Quine alikuwa ameshalichokonoa jambo hili mwaka 1960 kwa kisa chake cha mgeni anayesikia mwenyeji akisema "gavagai" sungura anapokatiza: ni sungura, ni vipande vya sungura visivyotengana, au ni nini? Kwa Quine kilikuwa kisa cha kufikirika. Kwa Steels kikawa kinatokea mara kwa mara kwenye kompyuta, na kinahesabika.

Nasi tunacho kisa chetu, na wala si cha kufikirika. Mtanzania na Mkenya wanaweza kutumia neno "mboga" kwa mwaka mzima bila shida. Sukuma wiki ni mboga, mchicha ni mboga, kisamvu ni mboga. Wanaelewana vizuri sana. Mpaka siku Mtanzania anasema, "leo mboga ni samaki," ndipo mwenzake anapomwangalia mara mbili. Kwa Mtanzania mboga ni kile kinacholiwa pamoja na ugali au wali, hata kama ni nyama. Kwa Mkenya mboga ni majani. Siku zote hizo walipokuwa wanaelewana, hawakuwa na dhana moja. Walikuwa na dhana mbili ambazo zilikuwa hazijapata mlo wa kuzitenganisha.

Katika Talking Heads mlo wa kuzitenganisha ulikuwa unakuja, mapema au baadaye. Umbo la kushoto linatokea kuwa dogo, mchezo unaharibika, alama zinashuka, maana moja inaanza kumwelemea mwenzake. Kuna na tatizo la kamera zenyewe: hazikusimama mahali pamoja, kwa hiyo kilichoko pembeni kwa mmoja kinaweza kuwa katikati kidogo kwa mwingine. Hata ukweli wa ubao haukuwa mmoja. Na bado lugha ilisimama.

Tena ilisimama kati ya wasafiri. Mawakala hawakufungwa kwenye kamera moja. Kulikuwa na kamera Antwerp, Brussels, Paris, Tokyo na kwingineko, na programu zilisafiri kwa intaneti kutoka mwili mmoja hadi mwingine. Watu wa kawaida nao waliweza kutengeneza wakala wao kwa njia ya intaneti na kumpa maneno waliyoyapenda. Katika miezi minne ya mwaka 1999 ilichezwa michezo kama 400,000. Yalizaliwa maneno kama 8,000 na dhana kama 500. Msamiati uliotumika na kila mtu, ule wa msingi, ulikuwa na maneno kama 100: ya juu, chini, kushoto, kulia, kijani, nyekundu, kubwa, dogo.

Zitazame namba hizo kwa jicho la mtu wa lugha. Maneno 8,000 yamezaliwa, 100 ndiyo yameshika mizizi. Hiyo si kasoro ya jaribio. Ukienda kijiwe chochote cha vijana Dar es Salaam au Nairobi utakuta maneno mapya yanazaliwa kila wiki, na mengi hayavuki hata kona. Hakuna anayekaa kuamua lipi life. Yanaachwa tu.

Jambo la pili ambalo Steels alilishikilia kwa ukaidi ni kwamba dhana haikai ikimsubiri neno lije kuivalisha nguo. Vinakua pamoja. Mwaka 2005 yeye na Tony Belpaeme walichapisha kazi ndefu juu ya rangi iliyozua mjadala mkali. Waliwaachia mawakala wajifunze kuzigawa rangi, kila mmoja peke yake, katika mazingira yale yale. Kila wakala alifaulu kwa matumizi yake. Lakini walipowalinganisha, migawanyo yao ilikuwa imepishana mno kiasi kwamba wasingeweza kuelewana kwa urahisi. Walipoongeza maneno, wakacheza mchezo wa kutaja rangi na kurekebishana, mipaka ya rangi vichwani mwao ilianza kusogeleana. Kwa maneno mengine, kuishi dunia moja hakukutosha. Ilibidi wazungumze.

Kiswahili kina ushahidi wake kuhusu rangi, ingawa sitaubebesha mzigo usio wake. Vivumishi vyetu vya asili vya rangi ni vitatu tu: -eusi, -eupe, -ekundu. Nyingine tumezikata kwenye vitu: kijani kwenye jani, kijivu kwenye majivu, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda, manjano kwenye kiungo cha jikoni. Ni kama mawakala wa Steels walioona haja ya kuukata mstari, wakaukata pale palipokuwa na kitu cha kuonyesha kwa kidole.

Baada ya hapo wanafizikia walilivamia jambo hili, na kama kawaida yao wakalivua nguo zote. Mwaka 2006 Andrea Baronchelli na wenzake, Steels akiwemo, waliuchambua mchezo wa majina uliobaki mifupa: hakuna kamera, hakuna dhana, kuna kitu kimoja tu kinachotakiwa kupata jina. Wawili wanakutana, mmoja anataja jina alilonalo. Mwenzake kama analijua, wote wanafuta mengine yote na kubaki na hilo. Kama halijui, analiongeza kwenye orodha yake. Kilichowavutia ni umbo la safari nzima. Mwanzoni majina yanaongezeka mpaka unaona kama vurugu haitakwisha. Kinapita kipindi kirefu ambacho kwa nje hakuna dalili ya mwafaka. Halafu ghafla, karibu kwa pamoja, majina yote yanaporomoka na linabaki moja. Hakuna kiongozi, hakuna kura.

Tuko katikati ya mchezo kama huo hivi sasa. Kuna wanaosema akili mnemba, kuna wanaosema akili bandia, kuna wanaosema akili unde. Mimi naandika "mnemba" kwa sababu ndilo lililonifikia mara nyingi zaidi, sina hoja nyingine, na nashuku wengi wanaobishana mitandaoni juu ya lipi ni sahihi nao wako hivyo hivyo. Ukitaka kujua lipi litashinda, kamusi itakuambia kidogo sana. Sikiliza watu wanapokutana wawili wawili.

Mpaka hapa programu hizi zilikuwa ndogo, na mtu aliweza kuzifungua akaona kila mstari ulikatwa wapi. Miaka ya 2010 ilileta mitandao ya neva, ambayo humo ndani yake kuna mamilioni ya namba na hakuna mstari wa kuonyesha kwa kidole. Michezo ikabaki ile ile, ila kuchungulia kukawa kugumu.

Mwaka 2017 watafiti wa Facebook walifundisha programu kujadiliana kugawana vitabu, kofia na mipira. Kwanza zilijifunza kutoka kwenye mazungumzo ya watu, kisha zikaachwa zifanye mazoezi zenyewe kwa zenyewe. Zikagundua hila ambayo kila mama wa Kariakoo anaijua: jifanye unakitaka sana kitu usichokijali, halafu kiachie kwa shingo upande ili upewe unachokitaka kweli. Hakuna aliyezifundisha hilo. Lakini pia Kiingereza chao kilianza kuteleza, maneno yale yale yakirudiwa tena na tena, kwa sababu lengo lilikuwa kushinda biashara, na sarufi haikuwa na thawabu yoyote. Magazeti yakapiga kelele: eti mashine zimebuni lugha ya siri, wanasayansi wakaogopa wakazizima! Hakukuwa na hofu. Watafiti walitaka programu zitakazozungumza na binadamu, kwa hiyo wakazirekebisha zisiachane na Kiingereza, wakaendelea na kazi. Nilichoka na habari ile wakati ule, na nimechoka nayo mpaka leo, kwa sababu ilifunika mambo mawili ya ajabu zaidi yaliyofuata.

La kwanza ni la Diane Bouchacourt na Marco Baroni, mwaka 2018. Walichukua mchezo uliokuwa maarufu: msemaji na msikilizaji, kila mmoja ni mtandao wa neva, wanaonyeshwa picha za vitu halisi, na msemaji atume ishara ili msikilizaji achague picha sahihi. Walikuwa wanafaulu vizuri. Ungeona matokeo ungesema wamejenga maneno ya "mbwa", "kiti", "embe". Bouchacourt na Baroni wakawapa picha zisizo na kitu chochote, chengachenga tupu kama za televisheni iliyokosa mawimbi. Mawakala wakaendelea kufaulu kama kawaida! Ishara zao hazikuwa za mbwa wala kiti. Walikuwa wameshikana mkono kwenye kitu fulani cha juujuu ndani ya picha, kisicho na jina kwetu. Ni ile mboga, lakini safari hii wawili hao wanaelewana vizuri kabisa, na asiyeelewa ni mimi na wewe tuliokaa pembeni tunawapigia makofi.

La pili lilichapishwa mwaka 2019 na Rahma Chaabouni na wenzake. Katika lugha za watu, maneno tunayoyatumia kila dakika huwa mafupi: fikiria "na", "ni", "ya", "si". Mawakala wao walifanya kinyume: kitu kilichotokea mara nyingi ndicho kilichopewa ujumbe mrefu kuliko vyote. Mbona hivyo? Kwa sababu msemaji wa chuma hachoki. Hana pumzi ya kubania wala mdomo unaokauka, na ujumbe mrefu ni rahisi zaidi kwa msikilizaji kuutofautisha. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzuri wa lugha, ule ufupi unaotufanya turudie methali, pengine ni alama ya uchovu wetu. Sikutegemea kulijua hilo kutoka kwa mashine.

Sasa mawakala wamekuwa wale wale tunaowaandikia maswali kwenye simu. Mwaka 2025 Baronchelli, pamoja na Ariel Flint Ashery na Luca Maria Aiello, waliurudisha mchezo wa majina, lakini wachezaji wakiwa programu kubwa za lugha. Wakala alikutanishwa na mwenzake mmoja baada ya mwingine, akumbuke michezo yake michache ya mwisho, asijue kwamba yuko ndani ya kundi. Mwafaka ulizuka wenyewe, kama 2006. Kilichonikaza macho ni kwamba wakala mmoja mmoja aliweza kuonekana hana upendeleo wa jina lolote, na bado kundi zima likaelemea upande mmoja. Upendeleo ulizaliwa katika kukutana. Ukimfungua mmoja mmoja kumkagua, unaweza usiukute.

Na mwaka huo huo ilitoka kazi nyingine, ya Alex Cloud na wenzake, ambayo inanirudisha kwenye swali la kinachosafiri. Walichukua programu ya lugha wakaielekeza ipende bundi. (Waliochagua ndege huyo bila shaka hawakulelewa kwetu, bibi yangu angeondoka chumbani.) Kisha wakaiambia itoe orodha za namba. Namba tu, zilizochujwa zisibaki na neno lolote. Programu ya pili, mwanafunzi, ikafundishwa kwa namba hizo peke yake. Ilipoulizwa inampenda mnyama gani, jibu la bundi likaongezeka sana. Hakukuwa na neno, hakukuwa na mfano, hakukuwa na umbo la kuelekezwa kwa kidole, na ukizikagua namba hizo huoni manyoya wala jicho la mviringo.

Lakini kulikuwa na sharti moja. Bundi alivuka pale tu mwalimu na mwanafunzi walipokuwa wamejengwa juu ya msingi mmoja, yaani walikuwa ndugu kabla somo halijaanza. Mwanafunzi aliyejengwa juu ya msingi tofauti alipewa orodha zile zile, akazisoma zote. Kwake zilikuwa namba.